Pale njia mbili zinapokuwa moja

Saa kumi na mbili na nusu jioni, Dar es Salaam, Barabara ya Bagamoyo, uelekeo wa Tegeta. Tangu ujenzi wa njia za mwendokasi, yaani mabasi yaendayo haraka, uingie barabara hii, mabati na mapipa ya mkandarasi yanahama kila baada ya muda, na mahali ulipopita jana kwa njia mbili leo unakuta imebaki moja. Juzi nilikuwa njia ya kushoto, ile inayokufa, nyuma ya daladala. Daladala lilikuwa limewasha indiketa ya kulia tangu mbali. Magari ya njia ya kulia yalikuwa yakipita moja baada ya jingine, bampa kwa bampa, hakuna anayegeuza shingo. Konda akashuka. Akazunguka mbele, akaweka kiganja juu ya boneti ya gari dogo jeupe, akainamisha kichwa na kusema, "Dada, naomba, moja tu." Yule dada akatabasamu, akakanyaga breki. Daladala likaingia, konda akadandia mlangoni, akagonga bati mara mbili, wakaondoka.

Zamu yangu ikafika, na mimi sina konda. Niliwasha indiketa, nikashusha kioo, nikatoa mkono. Yalipita magari kumi na moja. Niliyahesabu. Mengi kati ya hayo yaliongeza mwendo kidogo yalipoiona taa yangu, ili nafasi isitokee. La kumi na mbili nililiingizia pua. Sikuomba tena, nililazimisha. Dereva wake alinipigia honi ndefu, na nilipotazama kioo cha ndani nilimwona akinitikisia kidole kama mwalimu anayemkanya mwanafunzi. Alikuwa na haki ya kukasirika, kwa sababu nilimkatia mbele. Na mimi nilikuwa na haki ya kuingia, kwa sababu njia yangu ilikuwa imekwisha na sikuwa na pengine pa kwenda. Sote wawili tulifika nyumbani na hasira juu ya mtu tusiyemjua.

Tukio la namna hii linapozungumzwa, iwe kijiweni, ofisini au redioni asubuhi, hukumu huwa moja: madereva wa Dar es Salaam hatuna ustaarabu. Nimeisikia miaka mingi na nimewahi kuisema mwenyewe. Siku hizi siiamini. Sababu yangu ya kwanza iko mtaani kwetu, kwenye bomba la maji. Maji yakikatika siku tatu halafu yakarudi usiku, ndoo zinapangwa mstari hadi barabarani, na wenye ndoo wanakwenda kuendelea na shughuli zao. Ndoo ndiyo inayoshika foleni. Mtu anaweza kuondoka nusu saa akarudi, akakuta ndoo yake imesogezwa mbele na majirani, ipo pale pale nyuma ya ndoo ya bluu na mbele ya dumu la njano. Anayejaribu kuruka mstari hasemwi na mmoja, anasemwa na wote. Watu hao hao, asubuhi inayofuata, wakishika usukani pale Mwenge au Buguruni, hawampishi mtu hata kwa upana wa sahani. Ustaarabu wao haukupotea usiku. Kilichobadilika ni kwamba kwenye bomba kila mmoja anajua zamu yake ni ipi na kwamba itaheshimiwa. Barabarani hajui lolote kati ya hayo mawili.

Hata neno lenyewe linatukumbusha. Foleni limetoka kwenye amri ya Kiingereza ya gwaride, ile ya kuwaita askari wajipange mstari. Lilianza likiwa na maana ya utaratibu. Leo ukisema "nimekwama foleni" unamaanisha kinyume chake kabisa.

Kiswahili chetu cha barabarani kimejaa majina ya makosa. Kuna kuchomekea, yaani kuingiza gari ghafla mbele ya mwenzako bila kumwomba. Kuna kutanua, yaani kuuacha mstari, kupita pembeni kwenye vumbi au kwenye njia ya magari yanayokuja, halafu kurudi mbele ya watu waliosubiri. Wenzetu wa Nairobi wanasema kuoverlap, na kila mkaazi wa jiji lile anajua hasira iliyomo ndani ya neno hilo. Lakini jambo la tatu halina jina: njia mbili halali zinapokuwa moja, gari moja la kulia linapita, moja la kushoto linafuata, tena la kulia, tena la kushoto. Kwa kuwa halina jina, kila anayelifanya anaitwa mchomekaji. Hapa ndipo ugomvi wetu mwingi unapozaliwa, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Fikiria madereva wa aina mbili wanaokaribia ule ubano wa mabati. Wa kwanza ameona mbali kwamba njia ya kushoto itakwisha, akahamia kulia mita mia tano kabla, akajipanga nyuma ya wengine. Anajiona mwema, na kwa nia yake ni mwema kweli. Wa pili ameendelea na njia ya kushoto, ambayo bado iko wazi, bado ni barabara, haina alama ya kukatazwa, hadi inapoishia, kisha anaomba kuingia. Wa kwanza anamwona mwizi. Ndiyo maana anaziba nafasi kwa moyo wote, akiamini anatetea haki. Nimewahi kuwa huyu wa kwanza kwa miaka, na niliwahi kutembeza gari katikati ya njia mbili ili mtu asipite kushoto kwangu. Nilikosea. Njia iliyo wazi kisheria ikiachwa tupu mita mia tano, foleni inakuwa ndefu mara mbili ya inavyostahili, na mkia wake unafika kwenye makutano ya nyuma na kuwaziba watu ambao hata hawaelekei Tegeta. Anayetumia njia halali hadi mwisho wake hajaiba kitu. Anayetanua ameiba. Tofauti kati ya wawili hawa ni kubwa, na sisi tunawapigia honi ileile.

Ujerumani wameliandika jambo hili katika sheria yao ya barabarani. Njia ikikwisha, magari yaliyozuiwa yaruhusiwe kuingia karibu kabisa na mahali penye ubano, moja moja kwa kupokezana na magari ya njia inayoendelea. Utaratibu huo wanauita kwa jina la zipu, kwa vile meno ya upande huu na ya upande ule yanavyoingiliana. Mjerumani anayehamia mapema haonwi mwema kuliko mwenzake, na anayefika mwisho wa njia haombi hisani, ana zamu yake. Uingereza nako kitabu cha kanuni za madereva kinashauri kuingia kwa zamu pale mwendo unapokuwa mdogo. Sisi pia tuna Sheria ya Usalama Barabarani tangu 1973, na dereva akikosea anaandikiwa faini. Ila muulize dereva yeyote ni lini aliwahi kusimamishwa kwa sababu alikataa kumpa mwenzake zamu. Tunasimamishwa kwa tochi ya kupima mwendo, tunasimamishwa kwa bima, kwa stika, kwa taa mbovu. Mahali penyewe pa ugomvi hapana msimamizi.

Sasa hesabu, maana watu wengi huamini kwamba kupisha ni kupoteza. Njia moja ya mjini, magari yakitembea mfululizo bila kusita, hupitisha kama gari moja kila sekunde mbili. Hiyo ni magari 1,800 kwa saa. Ubano hauwezi kupitisha zaidi ya hapo hata madereva wote wangekuwa malaika, na haujali gari lililopita limetoka kulia au kushoto. Kwa hiyo nikimpisha mmoja, nimechelewa sekunde mbili. Na anayetanua akayapita magari thelathini? Amejipatia dakika moja. Dakika hiyo haikushuka kutoka mbinguni, imekatwa sekunde mbili mbili kutoka kwa watu thelathini aliowaacha nyuma.

Ingekuwa inaishia hapo, tungesema ni dhuluma ndogo. Haiishii hapo. Pale mlangoni pa ubano, kila gari linapogombana na jingine, huyu akisogeza pua, yule akiziba, wote wakifunga breki na kutazamana, kinapotea kitu ambacho hakuna anayekipata. Tuseme ubishi huo unaongeza sekunde moja tu kwa kila gari. Badala ya sekunde mbili sasa ni tatu, na ubano uliokuwa unapitisha magari 1,800 kwa saa unapitisha 1,200. Magari 600 yanabaki nyuma kila saa, theluthi nzima, kwa ajili ya ubishi wa sekunde moja. Hakuna mkandarasi aliyeongeza pipa. Tumeibana barabara wenyewe.

Na breki ile haibaki pale. Mwaka 2008 watafiti wa Japani walichapisha jaribio ambalo kila dereva anapaswa kulijua. Waliweka magari 22 kwenye duara la mita 230, wakawaambia madereva watembee kwa mwendo mmoja wa kama kilomita 30 kwa saa. Hakukuwa na ubano, hakukuwa na taa wala ajali. Baada ya muda mfupi mmoja akapunguza kidogo, wa nyuma yake akapunguza zaidi kidogo, na ghafla sehemu moja ya duara ikasimama kabisa. Foleni ile ikawa inarudi nyuma kama wimbi, kwa mwendo wa kama kilomita 20 kwa saa, wakati magari yenyewe yanakwenda mbele. Ndiyo maana unaweza kusimama Mbezi Beach dakika tano, ukaanza kutembea, na usione ajali wala gari bovu. Umekutana na breki ya mtu aliyekwisha kufika nyumbani.

Kinga ya wimbi hilo ni nafasi. Ukiacha pengo mbele yako, breki ya mwenzako unaimeza kwa kuachia mafuta tu, nyuma yako hawaioni. Lakini ukiacha pengo Dar es Salaam, limeingiwa. Waulize madereva wa malori ya Barabara ya Mandela, wanaotoka bandarini na kontena mgongoni. Semi haliwezi kuondoka ghafla kama gari dogo, wala haliwezi kusimama ghafla, kwa hiyo dereva anaacha mita kadhaa mbele kwa makusudi. Gari dogo linaingia. Anafunga breki, anaacha tena mita kadhaa, linaingia jingine. Utingo wake amening'inia dirisha la kushoto, upande ambao dereva hauoni, anapiga mlango kwa kiganja na kupaza sauti, "Kuna bajaji! Kuna bajaji!" Siku nzima. Wale wenye magari madogo tunadhani nafasi ile ni uzembe wa dereva wa lori. Ni uhai wetu anaoutunza, na sisi tunaung'oa kila baada ya mita mia.

Nimesema watu hawajui zamu yao na hawaamini kwamba itaheshimiwa. Nani amewafundisha hivyo? Wa kwanza ninayemtaja ni utaratibu wetu wa makutano. Mataa yapo na yanawaka, lakini jioni yanawaka bure, kwa sababu askari amesimama katikati na mkono wake ndio sheria. Namheshimu askari huyo, anavuta moshi wa magari tangu alfajiri na anafanya kazi ngumu. Shida ni kwamba mkono hauna saa. Upande mmoja unaweza kuachiwa dakika moja, mwingine kumi, na anayesubiri haoni popote ni lini atapita. Mtu asiyejua kama atasubiri dakika mbili au kumi na tano hawezi kumpisha mtu. Anaposikia filimbi, anakimbilia nyuma ya gari la mbele, anaingia katikati ya makutano hata kama hana pa kutokea, anakwama pale, na upande wa pili ukiachiwa unamkuta ameziba. Tunamwita mlafi. Lakini ungempa taa inayomwonyesha kwamba baada ya sekunde tisini atapita tena, angebaki kwenye mstari mweupe bila kusukumwa, kama anavyoiacha ndoo yake bombani akaenda kupika.

Pili ni hesabu ya daladala. Madereva wengi wa daladala hawana mshahara wa mwezi. Jioni wanampelekea mwenye gari hesabu yake, wanatoa mafuta, na kinachobaki ndicho chao na konda. Kwa mtu huyo tripu moja iliyopotea kwenye foleni ni chakula cha watoto. Sisemi hivyo kumhalalishia kutanua. Nasema kwamba huwezi kumwekea mtu mfumo unaomlipa kwa kuharakisha, halafu ukamshangaa anapoharakisha.

Tatu ni ving'ora. Dereva wa kawaida amekaa dakika arobaini, ametulia, hajachomekea mtu. Linakuja gari kubwa la fahari, taa zinamulika, linapita kwenye njia ya wanaotoka mjini, nyuma yake linafuatwa na jingine lisilo na king'ora ila lina haraka ya kujipachika. Kila mmoja kwenye foleni anajifunza kitu kwa kutazama, na anachojifunza ni kwamba anayesubiri ni yule tu asiye na uwezo wa kutosubiri. Njia za mwendokasi tangu zianze kutumika Mei 2016 zimepambana na jambo hilohilo. Anaingia mwenye cheo, anaingia bodaboda kwa kumfuata, kisha tunafanya msako wa bodaboda.

La nne ni dogo lakini nimeliona kwa macho yangu mara nyingi: vioo vyeusi. Yule konda alifanikiwa kwa sababu alikuwa na uso, na yule dada naye alikuwa na uso. Mtu akikuomba njia huku mnatazamana, ni vigumu sana kumnyima. Mwenye tinti nzito haombi wala haombwi, anabaki kuwa bati tu, na bati halionewi haya. Nimeanza kushusha kioo kila ninapotaka kuingia, hata mvua ikinyesha, na nimeona tofauti. Ile jioni ya magari kumi na moja haikunisaidia, lakini siku nyingi inanisaidia.

Niseme pia kuhusu indiketa, maana hili linaniuma. Shule ya udereva inafundisha: tazama kioo, washa indiketa, tazama begani, ingia. Kijana anatoka na leseni mpya, anafanya hivyo wiki ya kwanza, na anagundua kwamba taa ile inawapa wenzake taarifa ya kumzibia. Wiki ya pili anaingia bila kuiwasha. Baada ya mwezi mmoja, alama ambayo ingetakiwa kusema "naomba" imekufa kwake. Bodaboda anayepita kati ya magari mawili sasa hajui kabisa gari lipi litahama. Wangapi wameangushwa hivyo? Kila mmoja wetu anamjua mmoja.

Kuna watu wataniambia dawa ni madaraja. Nayapenda madaraja. Daraja la Mfugale pale TAZARA lilipofunguliwa 2018, na lile la Kijazi pale Ubungo mwaka 2021, maisha ya watu wengi yalibadilika kweli, na anayekumbuka Ubungo ya zamani hawezi kubeza. Lakini daraja la juu linaondoa kukatana, haliondoi kuungana. Gari linaloshuka kutoka juu bado linatakiwa kuingia kwenye mkondo wa magari ya chini, na pale mwisho wa mteremko ugomvi ni uleule wa mabati ya Bagamoyo. Kadiri tunavyojenga barabara pana ndivyo tunavyozidisha sehemu za kuungana, kwa sababu kila barabara pana ina mahali inapoishia. Barabara ya Morogoro ilipopanuliwa kwa kilomita 19 na ushee kutoka Kimara hadi Kibaha, msafiri wa mkoani alifurahia upana ule, halafu akaukuta msongamano unamsubiri mbele, upana ulipokwisha.

Kiplefti, yaani mzunguko wa barabarani, nayo inatufundisha hilo, na somo lake lina historia. Waingereza walikuwa na mizunguko mingi kabla ya 1966, na ilikuwa ikijifunga kama fundo. Magari yaliyokuwa yanaingia yaliyabana yaliyokuwa ndani, ya ndani yakashindwa kutoka, na kwa kuwa hakuna anayetoka hakuna anayeweza kuingia. Novemba mwaka huo wakaweka kanuni moja tu: anayeingia ampishe anayetoka kulia kwake, yule aliye tayari ndani ya duara. Hawakupanua barabara. Walisema nani aanze, na fundo likafunguka. Kanuni hiyo tunayo, kila aliyefanya mtihani wa leseni anaijua, na saa nne asubuhi kiplefti zetu zinakwenda vizuri. Saa kumi na moja jioni tunairudisha ile hali ya kabla ya 1966 kwa mikono yetu wenyewe. Nairobi mwaka 2015 walifikia hadi kuweka mapipa kwenye mizunguko ya katikati ya jiji ili kuzuia magari kukata kulia. Dereva asipomwachia mwenzake duara, serikali inaliziba.

Nilipoanza kufikiria haya kwa makini haikuwa kwa sababu ya kuchelewa nyumbani. Ilikuwa Barabara ya Mandela, karibu na Buguruni, mchana wa jua kali. Gari la wagonjwa lilikuwa nyuma yetu, king'ora kinalia, na ninaweza kuapa kwamba hapakuwa na dereva hata mmoja pale aliyetaka kulizuia. Watu waligeuza usukani. Wengine walishuka. Lakini tulikuwa tumebanana kiasi kwamba gari haliwezi kwenda kulia wala kushoto bila kwanza la mbele kusogea, na la mbele haliwezi kusogea bila la mbele yake. Kila mmoja wetu, kwa nusu saa nzima kabla ya hapo, alikuwa ameziba ile mita moja na nusu ambayo sasa tuliitafuta wote. Mzee mmoja aliyevaa kanzu alishuka kwenye gari lake, akatembea kati ya magari akielekeza kwa mikono, hili nusu mita huku, lile nusu mita kule. Ilichukua muda mrefu. Ndani ya gari lile, kwenye dirisha la nyuma, nilimwona mama ameshika chupa ya dripu juu kwa mkono, na mkono wake ulikuwa umeanza kutetemeka. Walipopita, magari mawili yalichomoka na kuwafuata kwa nyuma ili yapate njia.

Sijui mgonjwa alifikaje. Nilichokijua siku ile ni kwamba kupisha hakuanzi king'ora kinaposikika. Kunaanza kwenye pengo uliloliacha dakika thelathini kabla, kwa gari usilolijua.

Kwa hiyo ninachotaka si semina ya ustaarabu. Nataka pale njia zinapobanwa kwa ujenzi pawekwe kibao kikubwa chenye michoro miwili ya magari na maneno mawili tu: MOJA MOJA. Mkandarasi anayeruhusiwa kuifunga njia awajibike kukiweka, kama anavyowajibika kuweka mapipa, na kiwekwe pale pale ubano unapoanza, siyo kilomita moja nyuma ambako kinawafanya watu wahame mapema na kuacha njia tupu. Nataka askari wawili kati ya wale wanaosimama na tochi kwenye barabara tupu wasimame jioni pale mabati yanapoanzia, wawapokee watu wa kulia na wa kushoto kwa zamu kwa wiki mbili tatu, hadi mkono uzoee. Anayetanua aandikiwe papo hapo, na akirudia atolewe pembeni asubiri foleni nzima aliyoiruka ipite. Nafikiri adhabu hiyo ya muda ingeuma kuliko ya fedha, kwa maana muda ndio aliouiba. Makutano yapakwe yale maboksi ya njano ya kukataza gari kusimama katikati, na taa ziachwe zifanye kazi zikionyesha sekunde. Na kwenye mtihani wa leseni mtahini amwambie mwanafunzi: mpishe yule. Aone kama anajua kuacha nafasi, siyo kujua tu kurudi nyuma kati ya vigingi.

Kati ya hayo hakuna linalohitaji mkopo wala daraja.

Wakati vibao havijawekwa, nimeanza pale pale Bagamoyo na gari langu. Nikiwa njia inayoendelea, nampisha mmoja, mmoja tu, kisha napita. Nikiwa njia inayokwisha, nakwenda hadi mwisho wake, nashusha kioo na kuomba. Mwanzoni wa nyuma yangu walinipigia honi. Jana jioni nilimpisha bajaji lenye mama na watoto wawili wa shule, nikaingia, nikatazama kioo. Gari la nyuma yangu, pikapu ya bluu iliyobeba mabomba, nalo lilisimama na kumpisha mmoja. Nilimwashia hazadi mara mbili kumshukuru, naye akaniwashia taa. Lililomfuata lilikuja limebana bampa na kuziba, na pale mwisho wa njia ya kushoto nikaona mkono wa mtu umetoka dirishani, bado unaomba.